Utando wa Seli na Kikaango cha Dhahabu

Naomba nafasi katika gazeti letu la muhula huu nitoe maoni yangu juu ya jambo moja tunalofundishwa darasani, tukalijibu vizuri katika mtihani, kisha tukarudi nyumbani kama kwamba hatukulisikia kamwe.

Muhula uliopita tuliulizwa tueleze jinsi vitu vinavyopita katika utando wa seli. Niliandika kurasa mbili. Nilichora tabaka mbili za mafuta, nikachora protini zilizozama ndani yake kama mawe katika tope, nikaeleza usambaaji, osmosisi na usafirishaji unaotumia nguvu. Mwalimu alinipa alama 17 kati ya 20, na alama 3 zilizobaki nilizipoteza kwa sababu mchoro wangu haukuwa na kichwa cha habari. Nilifurahi sana.

Jioni ile ile nilikaa jikoni kwa mjomba wangu, hapa hapa Kagongwa, nikimpulizia mkaa. Juu ya jiko kulikuwa na kikaango kidogo, na ndani yake kidonge cheupe kama fedha: dhahabu iliyokamatwa na zebaki. Mtoto wake mdogo alikuwa amekaa kwenye kigoda akingoja uji. Kidonge kilianza kubadilika rangi, weupe ukatoka, njano ikaja, mjomba akatabasamu. Wala sikushtuka. Nilikuwa nimekwisha kulijibu swali la mwalimu, lakini sikuwa nimelielewa.

Wageni wanaijua Kagongwa kwa mchele. Malori yanayopita barabara ya kwenda Kahama husimama hapa kupakia magunia, na mashine za kukoboa hunguruma mchana kutwa. Lakini sisi wenyeji twajua kwamba nyumba nyingi zina miguu miwili: mguu mmoja uko majarubani, mguu mwingine uko katika maduara. Mvua ikiwa haba mwaka huu, watu hushika sululu. Mimi mwenyewe daftari ninaloandikia limenunuliwa kwa dhahabu, basi msomaji asidhani kwamba nataka kuwasema vibaya wachimbaji. Nawasemea.

Sasa nirudi kwenye utando. Mtu akitaka kujua jinsi ulivyo mwembamba, achukue milimita moja aigawanye mara laki moja na ushei. Kipande kimoja ndicho unene wake. Na utando huu mwembamba ndio unaotenga uhai na kisicho uhai. Mwishoni mwa karne ya 19 Ernest Overton, aliyefanya kazi Zürich katika Uswisi, alijaribu mamia ya vitu juu ya seli hai, akaona kwamba vile vinavyoyeyuka katika mafuta huingia upesi kuliko vile vinavyoyeyuka katika maji tu. Akasema utando wa seli lazima uwe na asili ya mafuta. Mwaka 1925 Gorter na Grendel, huko Uholanzi, walipima mafuta ya seli nyekundu za damu wakasema yako tabaka mbili. Mwaka 1972 Singer na Nicolson wakatoa mchoro ule tunaouiga sisi leo.

Basi kwa desturi za nyumba zetu twaweza kusema hivi: kuna vitu ambavyo lazima vipige hodi, na kuna vitu vinavyoingia kama mtoto wa nyumba. Chumvi hupiga hodi, kwa maana chembe zake zina chaji ya umeme, na mafuta hayaipendi chaji. Sukari hupiga hodi kwa kuwa ni kubwa tena hupenda maji. Hivi vyote hungoja mlango wa protini ufunguliwe. Lakini oksijeni haingoji mtu. Ni ndogo, haina chaji, hupita katikati ya mafuta moja kwa moja, kutoka palipo nyingi kwenda palipo chache. Utando hauulizi, “Wewe u mwema au u mbaya?” Hutazama ukubwa, chaji, na urafiki na mafuta, basi. Tabia hiyo ndiyo inayotuwezesha kupumua, na ndiyo hiyo hiyo inayotuponza mbele ya kikaango.

Mjomba wangu ana hoja ambayo nimeisikia kwa watu wengi wa mialoni, nayo si hoja ya kijinga. Husema, “Ng'wanawane, mimi zebaki nimeishika kwa mikono hii miaka kumi na tano. Mwenzangu mmoja aliwahi kumeza tone kwa bahati mbaya, akaenda nalo choo, akarudi kazini. Ingekuwa sumu tungekwisha kufa.” Nilipokuwa Kidato cha Kwanza sikuwa na jibu. Sasa ninalo, na limo katika somo lile lile la alama 17.

Ni kweli kwamba zebaki ya maji ikimezwa haipiti sana. Wataalamu wanakadiria kwamba inayoingia katika damu haifiki hata sehemu moja katika elfu kumi. Sababu ni kwamba zebaki hupenda kushikana yenyewe kwa yenyewe. Hukaa tone zima, na tone haliwezi kupenya utando. Hupita tumboni kama gololi. Kinachoweza kupenya ni atomi moja moja. Lakini ukiiweka zebaki juu ya mkaa, unafanya kazi gani hasa? Unazitenganisha zile atomi. Kila moja inapaa peke yake, haina chaji, tena inakubaliana na mafuta. Hapo imekwisha kuwa kama oksijeni. Haina rangi wala harufu, kwa hiyo pua haitoi habari. Inaingia katika mapafu, ambayo vifuko vyake vidogo vikitandazwa vyaweza kufunika kiasi cha mita za mraba 70, na katika kila sehemu 100 za mvuke unaovutwa, karibu 80 hubaki mwilini. Kitu ni kile kile. Kikiwa tone tumboni, kinapita. Kikiwa mvuke kifuani, kinabaki. Mjomba alikuwa akipima hatari ya moto kwa kugusa kuni baridi.

Lakini pasipo moto nako hapana usalama. Zebaki huchemka ikifika nyuzi 357 hivi za Selsiasi, lakini huvukizwa kidogo kidogo hata katika joto la kawaida la chumba. Chupa isiyo na kizibo chini ya kitanda inatoa mvuke usiku kucha, na nguo za kazi zilizotundikwa ukutani hali kadhalika.

Hapa niongeze neno juu ya dawa mbili zinazotumika huku kwetu. Ya kwanza ni kufunga kitambaa puani. Kitambaa huzuia vumbi, kwa maana punje ya vumbi ni jabali mbele ya atomi. Atomi hupita katika nyuzi za khanga kama mbu anavyopita katika lango la uwanja wa mpira. Ya pili ni kunywa maziwa baada ya kazi. Maziwa ni chakula kizuri, nami nayapenda, lakini njia yake ni ya tumbo, na mvuke umepita kifuani. Hawakutani.

Yanayofuata ndani ya mwili ndiyo yaliyonikosesha usingizi nilipoyasoma. Mvuke ukifika katika damu haukai hivyo hivyo. Ndani ya seli kuna kimeng'enya kiitwacho katalesi, ambacho kazi yake ya kila siku ni nyingine, nacho huigeuza ile atomi kuwa ioni yenye chaji. Sasa kumbukeni kanuni yetu: chenye chaji hakipiti mafuta kwa urahisi. Kama mageuzi hayo yangefanyika papo hapo katika damu, ubongo ungepona. Lakini yachukua muda kidogo, na muda huo unatosha damu kufika kichwani. Atomi huingia ubongoni ingali haina chaji, kisha hugeuzwa humo humo, na mlango ukafungwa nyuma yake. Imeingia kama mtoto wa nyumba, na kutoka imekuwa mgeni asiye na ruhusa. Kondo la nyuma la mama mjamzito nalo hupitisha mvuke huo kwa njia hiyo hiyo. Mtoto aliye tumboni hajaona mwalo wala sululu.

Ndiyo sababu dalili zake si za tumbo. Ni mikono kutetemeka, usingizi kukimbia, kusahau, kukasirika bila sababu, na fizi kuvimba. Figo nazo huumia. Mjomba wangu zamani aliishika mizani ndogo ya dhahabu mwenyewe, na sasa huniita mimi niishike. Sisemi kwamba ni zebaki. Mikono ya mtu mzima hutetemeka kwa sababu nyingi, nami si daktari. Nasema tu kwamba naishika mizani na ninawaza.

Wala haya si mambo ya vitabu vya mbali. Mwaka 2003, katika mradi wa Umoja wa Mataifa juu ya zebaki, wataalamu wa afya waliwapima wachimbaji wa Rwamagasa, katika Geita, wakawalinganisha na watu wa Katoro wasiofanya kazi hiyo. Waliokutwa na zebaki nyingi zaidi mwilini walikuwa hasa wale wachomaji. Tena jambo hili si letu peke yetu. Katika hesabu ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2018, uchimbaji mdogo wa dhahabu ulikuwa ndio unaoongoza duniani kwa kutupa zebaki hewani kwa mikono ya watu, zaidi ya theluthi moja ya yote.

Kuna njia nyingine ya zebaki kuingia mwilini, nayo ni kwa hila zaidi. Zebaki iliyomwagika katika matope ya madimbwi hugeuzwa na bakteria kuwa zebaki ya methili, ikapanda kutoka kwa wadudu hadi samaki wadogo, na kutoka hao hadi samaki wakubwa. Zebaki hii ikiliwa, kati ya sehemu 100 karibu 95 hupita utumbo. Humshika asidi amino mmoja, sisteini, na wawili hao wakishikana hufanana na asidi amino mwingine, methionini, hata bawabu wa utando akadanganyika akawafungulia mlango wa chakula. Ni kama mtu aliyevaa sare ya shule yetu akapita getini. Huko Minamata, Japani, ugonjwa ulioletwa na sumu hii ulitangazwa rasmi mwaka 1956, na baadhi ya watoto walizaliwa na maradhi makubwa ya ubongo ingawa mama zao walionekana wazima au karibu wazima. Lakini haki isemwe: samaki wa Ziwa Viktoria waliopimwa na wataalamu mara nyingi wamekutwa na kiasi kidogo. Basi mtu asiache kula sangara kwa kusoma makala yangu. Adui wa karibu kwetu sisi ni mvuke wa jikoni.

Sasa nifike kwenye maoni yenyewe. Nadhani tunafundishwa utando wa seli kama ramani ya nchi ambayo hatutaifikia. Twakata kiazi mviringo vipande viwili, kimoja katika maji matupu na kimoja katika maji ya chumvi, twapima urefu, twaandika jedwali, kengele inalia. Silaumu walimu wetu. Muhtasari ni mrefu na mtihani hauulizi habari za kikaango. Lakini kati yetu darasani wapo wengi ambao nyumbani kwao dhahabu huchomwa, na hakuna hata mmoja wetu aliyeinua mkono kuuliza, “Mwalimu, je, mvuke wa zebaki hupita?” Swali moja tu la namna hiyo lingefanya kazi kuliko viazi kumi.

Tazameni jinsi elimu hii hii ilivyookoa watu pale ilipotolewa kitabuni. Mwaka 1960 Robert Crane alieleza kwamba katika utumbo kuna mlango mmoja unaopitisha sukari na chumvi kwa pamoja, na kwamba kimoja humvuta mwenzake. Maji hufuata nyuma. Mtu mwenye kipindupindu hupoteza maji kama ndoo iliyotoboka, lakini mlango ule haufungwi na ugonjwa. Kutokana na hayo madaktari waliokuwa Dhaka na Calcutta miaka ya 1960 walitengeneza maji ya kunywa ya chumvi na sukari, na leo mama yeyote ajua kuchanganya lita moja ya maji safi na salama, vijiko vidogo sita vya sukari, na nusu kijiko cha chumvi. Ajua bila kuwa amesikia jina la protini yoyote. Kwa nini basi kuhusu zebaki tuendelee kuwa na mchoro bila maji ya kunywa?

Rafiki yangu mmoja wa bweni amenipinga. Asema kwamba nikiyaandika haya nitawafanya wanafunzi wawadharau wazazi wao, na kwamba mtoto hamfundishi baba kazi. Hoja yake nimeipokea kwa nusu. Ni kweli mtoto akija na maneno ya vitabu mbele ya mtu aliyeshuka shimoni tangu alfajiri, atafukuzwa, na atastahili. Lakini mimi siombi mwanafunzi mmoja mmoja aende akahubiri. Naomba shule iseme. Siku ya wazazi twawaonyesha ngoma, mashairi na vikapu. Hebu safari hii pawe na meza moja ya bayolojia na kemia, na mwalimu aeleze kwa Kiswahili na kwa Kisukuma kwa nini tone haliingii na mvuke waingia. Wachimbaji ni watu wa kupima mambo. Ukiwapa sababu watakubishia, na atakayekubishia amekwisha kukusikiliza.

Tena pawe na cha kuonyesha. Kuna chombo cha kuchomea kiitwacho ritoti. Kidonge hufungiwa ndani, mvuke hupita katika bomba, bomba hupoozwa kwa maji, na sehemu kubwa ya zebaki hurudi kuwa maji ikatumika tena. Fundi wa mabomba aweza kukiunga kwa vipande vya bomba la chuma. Wachimbaji hawakipendi, na sababu zao nimeziuliza: kinachelewesha, dhahabu wakati mwingine hutoka na rangi isiyopendeza, na zaidi ya yote mtu haioni dhahabu yake ikiwa ndani, na mahali ambapo wanne wamechangia kidonge kimoja, kutoiona ni neno zito. Nadhani hii ya mwisho ndiyo kubwa, na wanaoleta vyombo hivyo kwa semina huwa hawaigusi. Basi wote wanne wakae mbele ya chombo, wafunge pamoja na wafungue pamoja, mahali pa wazi, kikiwa kimepoa kabisa.

Kuhusu sheria, Mkataba wa Minamata ulipitishwa mwaka 2013 ukaanza kutumika mwaka 2017, na Tanzania imo. Mkataba huo haukusema watu waache dhahabu. Umetaja mambo mabaya yanayopaswa kuondolewa, na mawili kati yake ni kuchoma kidonge wazi, na kuchoma katika makazi ya watu. Yaani jiko la mjomba limetajwa katika mkataba wa dunia, na mjomba hana habari. Nilimwambia. Alicheka sana, kisha akanyamaza.

Jumapili iliyofuata nilimweleza yote, kwa kidaftari changu, nikichora chini kwa kijiti. Alisikiliza mpaka mwisho akauliza swali moja tu: “Na ile iliyokwisha kuingia, itatoka lini?” Nilimjibu kama nilivyosoma, kwamba mtu akiacha kuivuta mwili huipunguza kwa nusu kila baada ya miezi miwili hivi, hasa kwa njia ya figo, lakini ile ya ubongoni huchelewa zaidi, yaweza kukaa miaka. Hakusema neno. Tangu siku ile anachomea nyuma ya zizi, upande ule upepo unakoelekea porini, na watoto hawaendi. Ritoti bado hana. Asema atazungumza na wenzake wa duara. Kile kikaango mke wake alikiosha mara tatu, akakitazama, kisha akachukua msumari na nyundo akakitoboa katikati, mtu asije akakaangia mayai.